Umbali Unaopimwa kwa Tindikali

Msomaji mmoja aliyeona picha ya kisiwa cha Anacapa, pwani ya California, ameuliza: wino mweusi mtupu unawezaje kuonyesha kwamba mwamba huu uko karibu na ule uko mbali?

Bamba la shaba lililotumika kuchapa picha hiyo lilitengenezwa katika idara ya serikali ya Marekani ya kupima pwani. Mmoja wa walioshiriki alikuwa James Whistler, kijana wa miaka 20 aliyefanya kazi pale kati ya 1854 na 1855, na ndiye aliyeongeza makundi mawili ya ndege angani. Nahodha wa meli anayetazama picha hiyo ili kuitambua pwani hakuwahitaji ndege hao, lakini mimi nawapenda sana.

Wengine huita kazi hii mchongo. Neno hilo silikubali: mchongaji huchimba kwa mkono wake, hapa inayochimba ni tindikali. Nitasema mchoro wa tindikali.

Bamba la shaba hupakwa nta iliyochanganywa na lami. Mchoraji hukwangua nta kwa sindano, kwa wepesi kama anaandika, kisha hulilaza bamba ndani ya tindikali, yaani asidi ya nitriki. Asidi hula shaba palipokwanguliwa tu. Viputo vya gesi hujipanga juu ya mistari, naye huvifagia kwa unyoya ili shaba iliwe sawasawa.

Utamu wote uko hapa. Fikiria fundi wa batiki: huchovya kitambaa kwenye rangi hafifu, hufunika kwa nta sehemu anazotaka zibaki hivyo, akachovya tena kwenye rangi nzito zaidi, akafunika tena. Mchoraji naye hulitoa bamba mapema, akafunika kwa vanishi mistari ya upeo wa macho, akalirudisha. Hulitoa tena, akafunika mawimbi ya katikati. Miamba ya mbele hubaki ikiliwa hadi mwisho. Mfereji uliokaa sana ndani ya asidi huwa na kina na upana, hubeba wino mwingi, na mstari wake hutoka mweusi. Kwa hiyo umbali wa baharini umegeuzwa kuwa dakika za kukaa ndani ya asidi. (Nafasi kati ya mistari nayo husaidia.)

Ukipata nakala halisi, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Mashine ya kuchapia husukuma karatasi yenye unyevu hadi ndani ya mifereji, ndiyo maana mistari ya miamba ya mbele huinuka kidogo juu ya karatasi.