Ali bin al-Hasan, sultani wa sarafu

Barabara ya Kilwa imeipasua Temeke, na abiria wa Lindi na Mtwara huijua vizuri Mbagala Rangi Tatu. Ukiuliza pale kituoni nani aliianzisha dola ya Kilwa, utajibiwa: Washirazi. Jibu hilo linataja ukoo, na mtu mwenyewe hayumo. Anaitwa Ali bin al-Hasan, na habari zake zimetufikia kwa njia mbili zisizokubaliana.

Ya kwanza ni tarikhi ya Kilwa, iliyobaki kwa Kiarabu na pia kwa Kireno ndani ya kitabu cha João de Barros kilichochapwa mwaka 1552. Humo Ali ni mwana wa mfalme aliyehama Shirazi, Uajemi. Alipofika Kilwa alikinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka chote. Mwenye kisiwa akahamia bara, akawa anapanga kurudi kwa vita maji yakipwa. Ali akachimba mkondo, njia ya miguu ikakatika.

Kisa kitamu, lakini kiliandikwa takriban miaka 500 baadaye, nasaba za watawala zilipokuwa hoja ya kudai haki. Ndivyo nasaba za kifalme zinavyopenda kujisimulia. Waingereza nao wana Cerdic, ambaye kumbukumbu zao zinasema alitia nanga mwaka 495 na majahazi matano kutoka ng'ambo, akazaa ukoo wa wafalme wa Wessex. Kumbukumbu hizo zilikusanywa katika karne ya 9, na jina Cerdic lenyewe linaelekea kuwa la wenyeji aliokuja kuwatawala! Huyo hakuacha hata sarafu moja.

Ali aliziacha, tena tele, nazo ndizo njia ya pili. Nyingi ni vipande vidogo vya shaba, vyepesi: upande mmoja jina lake, upande wa pili sifa za Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama mishororo ya shairi. Kinachokosekana ni tarehe. Kwa hiyo Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa miaka ya 1960, alitegemea matabaka ya udongo na vyombo vilivyokuwamo, akamweka Ali karibu na mwaka 1200.

Mwaka 1984 hesabu hiyo ikavurugika huko Mtambwe Mkuu, Pemba. Zilipatikana pamoja sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na katikati yake dhahabu chache za Wafatimi, watawala wa Misri. Wafatimi waliandika tarehe. Ya mwisho kati ya hizo ni ya mwaka 1066 hivi. Kwa kawaida akiba haifukiwi muda mrefu sana baada ya sarafu yake mpya kabisa kutengenezwa, na kati ya zile za fedha zilikuwemo za Ali bin al-Hasan pamoja na za watawala wengine. Basi Ali akarudishwa nyuma zaidi ya karne moja, hadi karne ya 11. Likazuka na swali ambalo tarikhi haikuliandaa: kwa nini fedha ya bwana wa Kilwa ifukiwe Pemba? Mark Horton, mmoja wa walioitafiti hazina hiyo, anaona huenda nasaba hii ilianzia kaskazini kabla ya kushika Kilwa. Dhana hiyo inanivutia kuliko hadithi ya vitambaa.

Uajemi hauwezi kufutwa kirahisi, hata hivyo. Uchunguzi wa vinasaba vya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha mchanganyiko wa akina mama wa Kiafrika na akina baba wenye asili ya Uajemi, ulioanza karibu mwaka 1000. Lakini Kilwa yenyewe ilikuwa na wakazi, wavuvi na wafua chuma, kabla ya hapo. Kuuanzisha mji hakuuanzisha Ali.

Sarafu zake ziliendelea kutumika karne kadhaa baada ya kifo chake. Songo Mnara, mji uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14, nao unazo. Ndiyo maana kuokota jina lake katika tabaka fulani hakutoshi kulipa tabaka hilo umri wake.

Anayekwenda Kilwa Kisiwani asimtafute Ali katika jumba la Husuni Kubwa. Jumba hilo ni la al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14. Aende sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu, ile ya zamani zaidi, ambayo angalau inakaribia enzi za Ali.