Je, Wajua? Gazeti la Mkulima wa Kanda ya Ziwa

Ukinunua karanga pale Buzuruga, Mwanza, huenda ukapewa zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Zikiisha, wengi hunyoosha karatasi na kuisoma. Karatasi hiyo ina historia ndefu huku kwetu.

Je, wajua kuwa Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni, lilianza Januari 1923? Lilitoka kila mwezi kwa Kiswahili, na wasomaji wa wilayani walilipelekea habari za kwao. Mtu wa bara hakuwa msomaji tu. Alikuwa mwandishi pia.

Je, wajua kuwa wakulima walikuwa na jarida lao, Ukulima wa Kisasa, tangu 1955? Lilitolewa na wizara ya kilimo.

Je, wajua kuwa "UK" kwenye mbegu ya pamba UK 91 si Uingereza? Ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi. Ushauri wa shambani ulianzia kwa watafiti wa vituo kama hicho, ukapita kwa bwana shamba, ukafika kwenye karatasi.

Je, wajua kuwa mwaka 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioungwa mkono na UNESCO? Watu wazima wa mikoa ya Ziwa walijifunza herufi kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Mtu alisoma kazi ya mikono yake mwenyewe.

Je, wajua kuwa aliyejifunza kusoma ukubwani husahau upesi akikosa cha kusoma? Ndiyo maana mwaka 1974 gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lilianzishwa hapahapa Mwanza.

Je, wajua kuwa katika kampeni ya Chakula ni Uhai, mwaka 1975, wanakijiji walikaa vikundi, wakasikiliza redio na kusoma kitabu pamoja? Mmoja alisoma kwa sauti, na asiyejua herufi akaondoka na somo lilelile.

Je, wajua kuwa jarida la Mkulima Mbunifu limekuwa likiwafikia wakulima wa Tanzania kwa Kiswahili, bila malipo, tangu 2011?

Basi wewe unayepanda gari kwenda Magu au Bunda, ukimaliza gazeti lako usiliache kwenye kiti. Likunje, mpelekee mzee nyumbani. Kama macho hayaoni vizuri, msomee.