Je, Wajua? Uongo Hufika Mbagala Kabla ya Ukweli

Ujumbe wa uongo ukiingia asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, Tandika au Mwananyamala, mchana unajadiliwa kwa mama lishe. Jioni humrudia yule yule aliyeutuma, safari hii ukiwa na sauti ya "daktari bingwa" asiyetajwa jina. Wepesi wetu ni kusema wanaosambaza ni wajinga. Historia ya jiji hili na tafiti za saikolojia zinaonesha jambo jingine: uongo hupokewa pale unapokuta hofu iliyokwishakuwepo, tena ukiletwa na mtu tunayemwamini.

Je, wajua kuwa Buguruni iliwahi kumwaga damu kwa uvumi, miaka mingi kabla ya simu za mkononi?

Mwaka 1959, Buguruni ikiwa bado kitongoji cha pembezoni, zilizuka vurugu zilizotokana na uvumi wa mumiani. Ilisemwa kuna watu wanaokamata raia na kuwatoa damu ili Wazungu watengenezee dawa. Askari polisi aliuawa katika vurugu hizo.

Uvumi wa aina hiyo ulienea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na mara nyingi waliotuhumiwa walikuwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo katika kitabu chake *Speaking with Vampires* cha mwaka 2000. Kwa maoni yake, simulizi hizo zinatueleza jinsi watu walivyouona ukoloni wenyewe. Mtu aliyeishi chini ya dola iliyochukua jasho lake bila kumwuliza hakuhitaji ushawishi mwingi kuamini kuwa inachukua na damu yake.

Je, wajua kuwa Popobawa alikuja na agizo la kusambazwa?

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, hofu ya Popobawa ilianzia Pemba, ikaingia Unguja, kisha ikavuka bahari hadi Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi kwa kuamini kuwa kiumbe huyo huwavamia waliolala ndani. Mjini Unguja, kijana mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani ndiye.

Hadithi hiyo ilikuwa na sharti lake: aliyevamiwa awasimulie wengine, asipofanya hivyo atarudiwa. Sasa soma tena ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi upate baraka, ukipuuza yatakukuta". Sharti ni lile lile. Uvumi unaokuja na agizo la kuenezwa huishi kuliko usio nalo.

Je, wajua kuwa ukimya ni mbolea ya uvumi?

Mwaka 1947 wanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza kuwa uvumi unahitaji vitu viwili kwa pamoja: jambo liwe na uzito kwa watu, na taarifa zake ziwe na utata. Kimoja kikikosekana, uvumi haukui.

Tanzania ilishuhudia hayo Machi 2021. Rais John Magufuli hakuonekana hadharani kwa zaidi ya wiki mbili, na kila kijiwe kikawa na habari yake. Baadhi ya watu walikamatwa kwa kusambaza uvumi huo. Tarehe 17 Machi kifo chake kikatangazwa. Matukio kama hayo ndiyo yanayoupa nguvu msemo wetu wa "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Uvumi mmoja ukigonga ukweli, tunausamehe mia uliokosea.

Je, wajua kwa nini kifo cha mtu maarufu hakikosi "mkono wa mtu"?

Steven Kanumba, nyota wa filamu za Kibongo, alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 7 Aprili 2012, akazikwa makaburi ya Kinondoni mbele ya umati mkubwa. Madaktari walizungumzia mtikisiko wa ubongo. Mtaani watu walizungumzia Freemason.

Akili ya binadamu hupenda tukio kubwa liwe na chanzo kikubwa. Kijana mashuhuri kufa ghafla kwa jeraha ni maelezo madogo mno kwa msiba mzito namna ile. Chama cha siri kinaonekana kulingana nao. Ajabu ni kwamba kiongozi wa Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, Sir Andy Chande, aliishi Dar es Salaam akijulikana wazi, akahojiwa na vyombo vya habari hadi alipofariki mwaka 2017. Matangazo ya kuahidi utajiri kwa kujiunga na chama hicho yaliendelea kubandikwa kwenye nguzo za umeme hata hivyo, na namba ya simu chini yake.

Je, wajua kuwa njia ya mwongo si fupi tena?

Mwaka 2018 jarida la *Science* lilichapisha utafiti uliofuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya kweli ilichukua takribani mara sita ya muda wa habari ya uongo kuwafikia watu 1,500. Watafiti walidhani labda ni kazi ya programu zinazojiendesha zenyewe. Walipoziondoa kwenye hesabu, matokeo yalibaki vile vile: wasambazaji ni binadamu. Uongo huwa mpya na wa kushangaza, na kila mtu anapenda kuwa wa kwanza kuleta jipya.

Je, wajua kuwa kusikia jambo tena na tena hulifanya lionekane kweli?

Jaribio la mwaka 1977 huko Marekani liliwapa wanafunzi wa chuo kikuu orodha za sentensi, za kweli na za uongo, mara tatu kwa kupishana wiki mbili. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, za uongo zikiwemo. Ukisikia habari moja kwenye daladala, saluni na kundi la ukoo, unahisi una mashahidi watatu. Huenda wote wameipata kwa mtu mmoja.

Je, wajua kuwa heshima nayo hulinda uongo?

Utafiti kuhusu uchaguzi wa Marekani wa 2016 ulionesha kuwa watumiaji wa Facebook wenye umri zaidi ya miaka 65 walisambaza habari za tovuti feki karibu mara saba ya vijana. Kwetu kuna la ziada. Baba mkubwa akituma kwenye kundi la ukoo kwamba ndimu na bamia zinaponya kisukari, nani atamjibu mbele ya wote? Watoto wanaweka alama ya dole gumba, naye anaona wamekubali. Mfuate pembeni: "Shikamoo baba mkubwa, ile habari nimeiulizia hospitali, wanasema si kweli." Heshima inabaki, na mgonjwa haachi dawa.

Je, wajua kwa nini "ile hela tuma kwenye namba hii" bado inanasa watu?

Mtumaji hakujui. Anatuma kwa namba nyingi kwa kubahatisha, akijua kuwa miongoni mwa wapokeaji yupo mpangaji wa Temeke ambaye dakika hiyo anataka kumlipa mwenye nyumba. Wengine wote watacheka; huyo mmoja atalipa. Ujumbe kama huo utume kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Je, wajua mishale miwili ina maana gani?

Ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili umeshapitishwa mkono kwa mkono mara tano au zaidi. Tangu Aprili 2020 unaweza kuusambaza kwa kundi au mtu mmoja tu kwa wakati, na kampuni hiyo ilisema hatua hiyo ilipunguza usambazaji wa jumbe za aina hiyo kwa asilimia 70.

Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, katika kifungu cha 16, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechapisha uongo akijua ni uongo kwa nia ya kupotosha umma.

Ukipata habari yenye mashaka, itafute JamiiCheck au Nukta Fakti, ambao kazi yao ni kuhakiki. Ukikosa muda wa kuhakiki, basi usiisambaze.