Afrika ya Kaskazini: namna kanisa ilipasuka, na mfalme wa Roma akaingia mu ugomvi

Mwaka wa 303, mfalme Diocletianus alitoa amri: makanisa yabomolewe, vitabu vitakatifu vichomwe moto. Ku Afrika ya Kaskazini, mu inchi ambazo leo ni Tunisia na Algeria, wengine walikataa kutoa vitabu, wakafungwa ao kuuawa. Maaskofu wengine walitoa. Kuna hata wa Calama, aliyetoa vitabu vya dawa, kusudi watu wa serikali waende zao.

Mateso ilipoisha, ulizo likabaki: mtu aliyetoa vitabu anaweza tena kubatiza na kuweka askofu? Caecilianus alipowekwa askofu wa Carthage, wapinzani walisema Felix, moja wa waliomuwekea mikono, alitoa vitabu. Wakachagua askofu wao. Kiongozi wao aliyejulikana sana ni Donatus. Ndio maana wanaitwa Wadonati.

Constantinus aliposhinda vita mwaka wa 312, akarudisha mali ya kanisa na kutuma franga. Lakini kwa kanisa gani? Alitumia upande wa Caecilianus, tena akawaondolea wakubwa wa kanisa lake kazi za lazima za muji, ambazo zilikuwa zinakula mali ya mtu. Basi imani na franga vikachangana. Wapinzani wenyewe ndio walimwita mfalme aamue. Walishindwa Roma mwaka wa 313, kiisha Arles mwaka wa 314. Uchunguzi ulionyesha kama barua iliyomshitaki Felix ilichezewa. Hawakukubali. Askari wakatumwa kunyanganya makanisa, watu wakakufa. Mwaka wa 321 Constantinus akawaacha.

Miaka mia ilipita, pande zote mbili zingali na nguvu. Mwaka wa 411, maaskofu zaidi ya 500 walikutana Carthage, karibu nusu kwa nusu. Muamuzi hakukuwa askofu: alikuwa Marcellinus, mjumbe wa mfalme Honorius. Wadonati walishindwa, na sheria ya 412 ikawalipisha lamandi, kila mtu kwa cheo chake. Augustinus, askofu wa Hippo, zamani hakupenda nguvu itumiwe. Sasa aliitetea, akisema muji wake wa kuzaliwa ulirudi juu ya kuogopa sheria.

Kiisha Wavandali wakakamata Carthage mwaka wa 439. Wao walifuata mafundisho ya Arius. Mwaka wa 484, mfalme wao Huneric alichukua sheria zilezile za Roma, akazigeuzia kanisa la Augustinus.