Vitabu vya Kale: Kwa Nini Jina Huandikwa Jinsi Lilivyochapishwa

Mkazi anayetafuta vitabu vya zamani kuhusu lugha za Pwani anaweza kukutana na majina yanayoonekana kuwa na makosa. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf, mmishenari aliyefanya kazi Rabai, ilichapishwa London mwaka wa 1882 kwa jina *A Dictionary of the Suahili Language*. Sarufi yake ya mwaka wa 1850 ina maneno "Kisuáheli" na "Kiníka" katika jina lake. Mkutubi anapoorodhesha vitabu hivi hasahihishi chochote.

Katika vitabu vya kale, jina ni kitambulisho. Matoleo mawili yanaweza kutofautiana kwa herufi chache tu. Herufi hizo zikirekebishwa, ni vigumu kujua maktaba ina toleo lipi, au kuthibitisha nakala iliyoibwa ikipatikana.

Utaratibu ni huu:

- Jina hunakiliwa kutoka ukurasa wa jina, si kwenye jalada. Vitabu vingi vya kale vimewahi kubadilishwa jalada.
- Maneno, mpangilio wake na tahajia havibadilishwi. Herufi kubwa na alama za uakifishaji zinaweza kufuata kanuni za sasa.
- Kosa la mpiga chapa huachwa lilivyo, na maelezo huongezwa kuonyesha neno lililokusudiwa.
- Ukurasa wa jina ukikosekana, jina lililopatikana kwingine huwekwa ndani ya mabano ya mraba, na chanzo chake hutajwa.

Je, anayetafuta kwa neno "Swahili" atakosa kitabu? La. Mkutubi huongeza tahajia ya leo kama njia ya pili ya kukifikia. Hali ni hiyo kwa "Kiníka", neno linalotokana na jina "Wanyika" ambalo wenyewe hawajiiti tena. Kulifuta ni kuficha historia, na kuliacha peke yake ni kuwafungia Wamijikenda mlango wa kitabu kinachowahusu. Kwa hivyo jina la kale hubaki, na "Mijikenda" huongezwa kwenye mada.

Familia zenye vitabu vya kale nyumbani zinashauriwa zisiandike jina jipya juu ya lile la awali, zisitumie selotepu, na zihifadhi pamoja na kitabu kurasa zote zilizochomoka. Ukurasa mmoja uliotupwa unaweza kuwa ndio pekee wenye jina, mwaka na mahali kilipochapishwa.