Istiqraa na Hisabati: Lini Dalili Huwa Yakini?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya haya:

Anayepita Hifadhi ya Taifa ya Mikumi huwaona swala, nyati na twiga wakicheua, na wote hutikisa taya la chini. Je, tuseme kila mnyama hutafuna hivyo? Wanazuoni wa mantiki walipiga mfano kama huu, kisha wakautengua kwa mamba, ambaye walisema hutikisa taya la juu. Na mamba wamo humo humo Mikumi. Hii ndiyo istiqraa pungufu (naaqis): kuchunguza baadhi na kuhukumu wote. Natija yake ni dhana, si yakini.

Katika fiqhi, dhana yenye nguvu yatosha kufanyiwa kazi. Kwa istiqraa ya hali za wanawake, Imamu Shafii (Allah amrehemu) aliona kuwa uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, na wingi wake ni siku 15. Mahanafi wakasema siku 3 hadi 10. Sala na saumu ya mwanamke husimama juu ya hukumu hizi.

Ama hisabati, hairidhiki na dhana. Kanuni ikisihi mara elfu, bado haijathibiti. Basi tutafanyaje, na namba hazina mwisho? Hapo huja induksheni ya hisabati, yenye nguzo mbili:

1. Kanuni isihi kwa namba ya kwanza.
2. Ithibitishwe kwamba ikisihi kwa namba yoyote, lazima isihi kwa inayofuata.

Mbegu yake tunaiona kwa Al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad mwanzoni mwa karne ya 11. Alionyesha kuwa michemraba ya 1 hadi 10 ikijumlishwa, hupatikana mraba wa jumla ya 1 hadi 10. Jumla hiyo ni 55. Ukiondoa 10 hubaki 45. Mraba wa 55 ni 3,025, na wa 45 ni 2,025. Tofauti ni 1,000, nayo ndiyo 10×10×10. Kisha hushuka hivyo hivyo kwa 9, kwa 8, mpaka 1. Aliishia 10, lakini hatua yake yafaa kwa kila namba.

Tofauti iko hapa: namba moja humlazimisha jirani yake kwa hoja ya akili, ilhali hali ya mwanamke mmoja hailazimishi hali ya mwingine. Basi tusiidharau istiqraa ya mafaqihi kwa kuwa si hisabati, wala tusimlaumu aliyefuata rai nyingine kana kwamba amekana yakini.

Wallahu a'lam.