Mchuchuma na Liganga: Namna ya Kuitambua Miamba Mashapo Mkoani Njombe

Makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, vyote vya Wilaya ya Ludewa mkoani Njombe, hutajwa pamoja kama mradi mmoja wa kimkakati. Hata hivyo, asili zake ni tofauti. Chuma cha Liganga kimo katika mwamba wa moto, uliotokana na uji wa miamba ulioganda chini ya ardhi, ilhali makaa ya Mchuchuma yamo katika miamba mashapo.

Miamba mashapo hutokana na changarawe, mchanga, tope au mabaki ya viumbe yanayosombwa na kutuama mabondeni, ziwani au baharini. Kadiri tabaka jipya linavyolilalia la zamani, uzito hulishindilia la chini, na madini yaliyoyeyuka katika maji huzigandisha chembe hadi kuwa jiwe.

Ndivyo ilivyokuwa katika Bonde la Ruhuhu, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mimea iliyokufa katika vinamasi ilifunikwa na tope kabla ya kuoza kabisa, ikashindiliwa na kupata joto hadi kuwa makaa ya mawe. Akiba ya Mchuchuma inakadiriwa kufikia tani milioni 428.

Dalili za miamba mashapo ni matabaka, chembe zinazohisika kwa kidole, na visukuku, yaani mabaki ya viumbe. Mawe ya chokaa hutoa povu yakidondoshewa asidi. Matabaka pekee si ushahidi, kwani miamba geuzi, inayopatikana pia katika nyanda za juu za Njombe na Makambako, nayo huwa na mistari. Lakini chembe zake ni fuwele zilizoshikamana na kumeremeta.

Vilevile, si kila jiwe jeusi ni makaa. Makaa halisi ni mepesi mkononi; jiwe la tope jeusi ni zito zaidi, hubanduka vipande bapa na haliwaki vizuri.

Tofauti hiyo yaweza kumwepusha mwananchi na hasara ya kuuza eneo lenye thamani kwa bei ya kutupa, au kununua lisilo na kitu. Uthibitisho hupatikana kwa kupima sampuli katika maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), jijini Dodoma. Anayekusudia kuchimba anapaswa kwanza kupata leseni ya Tume ya Madini; leseni za uchimbaji mdogo zimetengwa kwa ajili ya Watanzania.